Jiwe la figo linaanzia kwenye bidoni

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, bidoni za njano zinakuwa zimeshapanga mstari kwenye robine ya kata yetu hapa Uvira. Wenyewe mara nyingi hawapo. Bidoni ndizo zinazosimama badala ya watu, kila moja na alama yake: hii imefungwa uzi wa chandarua shingoni, ile imeandikwa jina kwa rangi, nyingine imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Nimejizoesha tabia ya kuuliza. Nikimkuta mama anasubiri zamu yake, namsalimu, kisha namuuliza: "Mama, katika hizi nne, ya kunywa ni ipi?" Anacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Hii ya kupikia. Ile ya vyombo. Hizi mbili za kufua na kuogesha watoto." Na ya kunywa? "Ah, ya kunywa tutapata humo humo."

Humo humo. Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu leo. Katika nyumba zetu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, maji ya kufua yana bidoni yake na maji ya kuosha sahani yana bidoni yake, lakini maji ya kunywa hayana. Yanadokolewa kwenye ya wengine. Mtu anakunywa kiu inapomshika, au chakula kinapomkaba, basi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asipoteze muda kuutafuta. Mawe ya figo, maradhi tunayodhani ni ya bahati mbaya au ya mkono wa adui, kwa sehemu kubwa yanajengwa na namna tunavyogawa maji nyumbani. Na kama kuna mtu anayetuonyesha jambo hilo waziwazi kuliko wote, ni ndugu yetu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene huko ugenini, kisha akarudi kwenye nyumba ambayo maji ya kunywa ni "humo humo". Upasuaji ni kazi ya daktari na unaisha kwa saa chache. Kumlinda na mawe ni kazi ya nyumba nzima, na haina mwisho.

Tumbo la kifuu

Watu wetu wametawanyika. Kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya huku kwetu, na kutoka pale familia nyingi za Uvira na Fizi zikapelekwa Marekani na kwingineko. Wakafika kwenye nchi ya gari mlangoni, soda ya lita mbili na kazi ya kusimama usiku kucha ghalani. Wengine wakanenepa, na pamoja na unene vikaja kisukari, shinikizo la damu na magoti yanayouma. Daktari wa kule akawapa njia ya kisu.

Njia hiyo haiko mbali tena nasi. Hospitali ya Mloganzila, tawi la Muhimbili jijini Dar es Salaam, inaweka puto tumboni na inafanya pia upasuaji wa kupunguza uzito. Anayeweza kulipa anakwenda Nairobi au India. Kwa hiyo tusiseme haya ni mambo ya wazungu. Ni mambo ya shangazi zetu.

Mmoja wao nilimwona kata ya Kimanga, amekuja kwa mazishi ya mama yake. Aliondoka Nyarugusu na mwili wake wa kawaida, akanenepa Marekani, na sasa amerudi mwembamba, vitenge vyake vimepunguzwa kiunoni na fundi. Msibani, kila sahani iliyopita mbele yake aliigusa kwa vidole viwili tu. Glasi ya maji aliyopewa aliishika muda mrefu, akainywa kidogo kidogo kama chai ya moto. Wanawake wakanong'ona. Wengine walisema ana ugonjwa, wengine wakasema ametupwa na mume, na wapo waliosema amelogwa.

Hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji ambao tumbo la chakula hupunguzwa likawa kama yai la kuku, kisha likaunganishwa mbele zaidi kwenye utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu ya njia yake ya zamani. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mtu mwenye tumbo la namna hiyo, methali imekuwa maelezo ya daktari: glasi moja tu inamjaza kama bahari. Kuna upasuaji mwingine unaokata tumbo likabaki jembamba kama mkono wa shati bila kuhamisha utumbo. Huo hauleti hatari ya mawe kwa kiwango hicho hicho. Ule wa kurukisha utumbo ndio wenye deni kubwa kwa figo.

Simlaumu aliyekubali kisu. Unene wenyewe unaleta mawe ya figo, kisukari kinayaleta, na wapo ambao upasuaji huo umewaondolea sindano za insulini na kuwarudishia pumzi ya kupanda mlima. Ninachokataa ni kudhani kwamba akishashonwa, amemaliza.

Sabuni ndani ya utumbo

Kwa nini tumbo likiguswa, figo zilie? Jibu lake ni rahisi kwetu sisi watu wa mawese kuliko kwa wengi.

Katika mboga, karanga, viazi vitamu na chai kuna kitu kiitwacho oksaleti. Kwa mtu wa kawaida, oksaleti hukutana na kalsiamu ya chakula ndani ya utumbo, wanashikana, na wote wawili wanatoka na choo. Sehemu kubwa haifiki kwenye damu wala kwenye figo. Ni ndoa inayofungwa na kuishia ndani ya utumbo, figo haina habari nayo.

Kwa aliyerukishwa utumbo, mafuta ya chakula hayanyonywi yote. Mengine yanabaki yakizunguka, na mafuta hayo hufanya kile ambacho watengeneza sabuni wa Baraka na Mboko wanakifahamu vizuri: yakikutana na madini ya kuyashika, yanakuwa sabuni. Mafuta yanamnyakua kalsiamu. Oksaleti anaachwa bila mwenzi. Anapenya ukuta wa utumbo mpana, anaingia kwenye damu, anafika kwenye figo, na huko anamkuta kalsiamu mwingine anayepita na mkojo. Wanaoana pale pale, na mtoto wao ni jiwe.

Sasa ongeza mambo mawili. Tumbo dogo linampa shida kunywa, kwa hiyo mkojo wake ni mchache na mzito. Na kiasi cha sitreti katika mkojo, kitu kinachozuia chembe zisigandamane, nacho hushuka. Chumvi ukiimimina kwenye ndoo nzima hutaiona. Ukiimimina kwenye kikombe kimoja, itakaa chini. Figo ni kikombe hicho.

Madaktari walilipia somo hili zamani. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970, wapasuaji wa Marekani walikuwa wakiruka karibu utumbo mwembamba wote ili watu wapungue. Watu walipungua kweli, lakini maini yaliharibika na figo zikajaa mawe, hata njia hiyo ikaachwa. Upasuaji wa siku hizi ni mpole zaidi, ila deni halijafutika. Mwaka 2009, watafiti wa Marekani walilinganisha watu 4,639 waliorukishwa utumbo na idadi kama hiyo ya wanene wasiopasuliwa. Waliopasuliwa walipata mawe kwa asilimia 7.65, na wenzao kwa asilimia 4.63. Si wote wanaougua, wala si hata nusu yao. Lakini ukiwa wewe ndiye uliye ndani ya asilimia hizo, na uko Uvira, hesabu inabadilika.

Karuho, sindano na siri

Inabadilika kwa sababu ya namna tunavyoyapokea maumivu.

Maumivu ya jiwe linaposhuka hayana mfano. Yanaanzia ubavuni chini ya mbavu, yanateremka kuelekea kinenani, yanakuja kwa mawimbi. Mtu hawezi kukaa wala kulala, anajikunja, anatapika, anatoka jasho la baridi. Pengine mkojo unakuwa mwekundu. Mtu akianza kugaagaa namna hiyo saa nane za usiku, baada ya kula kwa jirani, sisi tunasema nini? Karuho. Amepewa sumu. Kabla ya kutafuta hospitali, familia inatafuta anayetapisha karuho, na wakati huo huo inatafuta nani wa kuchukiwa. Jiwe la milimita tano limeshavunja undugu wa miaka hamsini. Nani atauunganisha tena?

Wengine wanakimbilia duka la dawa, sindano ya diclofenac ichomwe, maumivu yatulie. Kwa mtu wa kawaida mwenye jiwe, hiyo ni dawa nzuri, hata hospitali zinaitumia. Kwa aliyerukishwa utumbo, familia hiyo ya dawa, pamoja na ibuprofen, inaweza kumchimba kidonda pale tumbo lilipounganishwa, kidonda kinachovuja damu. Aliyeokolewa kutoka kwenye maumivu ya figo anaanza kutapika damu.

Muuguzi atajuaje? Ataambiwa na nani? Huku kwetu unene bado ni heshima. Mtu akinenepa tunasema maisha yamemkubali. Akipungua tunamhurumia kwa sauti ya chini. Basi aliyelipa maelfu ya dola ili apungue anaona aibu kulitamka. Yule dada wa Kimanga, nilipopata kuzungumza naye, aliniambia amewaeleza watu wawili tu nyumbani, na hakuna hata mmoja wao anayelala naye nyumba moja. Nikamuuliza: "Dada, ukishikwa usiku, nani atakusemea?" Akanyamaza.

Siri hiyo ina bei. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio cha figo kinasikika hadi nyumba ya saba. Ushauri wangu ni mdogo, hauna gharama: aandike kwenye karatasi, kwa Kiswahili na Kifaransa, aina ya upasuaji, mwaka wake, na dawa asizotakiwa kupewa, karatasi ikae ndani ya kitambulisho chake. Na mtu mmoja wa nyumba anayolala aijue ilipo.

Familia nayo ijue ishara za kutosubiri mapambazuko. Maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka ni hatari, kwa sababu mkojo uliozibwa na kuoza nyuma ya jiwe unaweza kuua mtu kwa siku chache. Mkojo ukikatika kabisa, mwenye figo moja akishikwa, mjamzito akishikwa, au kutapika kusipokoma, ni hospitali, na ni sasa hivi. Ekografi itaonyesha figo iliyovimba. Mawe madogo, yale yasiyozidi milimita tano, mengi hutoka yenyewe kwa maji, dawa ya maumivu inayofaa na subira. Makubwa yanahitaji mpasuaji au mashine ya kuyavunja kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, teknolojia iliyotumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa huko München, Ujerumani, mwaka 1980.

Zaidi ya miaka arobaini imepita, na kwetu mashine hiyo ingali ni safari. Safari ya wapi? Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, na barabara ya uwanda wa Ruzizi, kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola, ikawa barabara ya mstari wa vita. Bujumbura iko karibu kiasi cha kuonekana taa zake usiku, lakini kati yetu na taa hizo kuna mpaka wa Kavimvira, na mpaka hufunguliwa na kufungwa na watu wasioumwa figo. Ndiyo maana nasema kwa mtu wa huku kinga si hekima ya kitabuni. Kinga ndiyo hospitali pekee ambayo barabara yake haifungwi.

Na wale wauzaji wa mizizi ya kuyeyusha mawe? Mawe mengi ya watu hawa ni ya kalsiamu na oksaleti, na hayo hayayeyuki kwa chupa ya mtu yeyote. Aliyekunywa mizizi na jiwe likatoka, mara nyingi ametibiwa na maji yaliyochemshiwa hiyo mizizi.

Sahani yetu haina kosa kubwa

Jiwe likishatajwa, jirani wa kwanza atakwambia: acha ndagala, zina mifupa, mifupa ni mawe. Huo ni upotofu, na unadhuru. Mifupa ile laini ya ndagala ni kalsiamu, na kalsiamu inayoliwa pamoja na chakula ndiyo inayomshika oksaleti utumboni asifike kwenye figo. Mwaka 2002 watafiti wa Italia walifuatilia wanaume 120 wenye mawe kwa miaka mitano. Waliopunguziwa kalsiamu, mawe yalirudi kwa asilimia 38. Waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama, yalirudi kwa asilimia 20. Mwenye kalsiamu ndani ya sahani alikuwa salama kuliko aliyeikimbia.

Kwa hiyo lengalenga ziliwe pamoja na ndagala, kama bibi zetu walivyozoea kuzipika. Lengalenga zina oksaleti nyingi. Zichemshwe kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, ndipo ziungwe. Ndagala zilizokaushwa kwa chumvi zioshwe mara mbili, maana chumvi inasukuma kalsiamu kwenye mkojo. Daktari akiandika vidonge vya kalsiamu, vile vya sitreti ndivyo vinavyowafaa zaidi waliopasuliwa, na vimezwe pamoja na chakula. Ukivimeza saa nyingine, oksaleti anapita mlango wa mbele huku mlinzi yuko nyuma ya nyumba.

Kwa sombe ni lazima niseme bila kumuudhi mama yeyote. Sombe yetu iliyotwangwa, ikaiva kwa mawese na karanga hadi mafuta yaelee juu, ni tamu, na kwa mtu mwenye utumbo mzima haina neno. Kwa aliyerukishwa utumbo, mafuta yale ndiyo sabuni niliyoieleza hapo juu, na karanga zinaongeza oksaleti. Apakuliwe kabla ya mafuta kuongezwa. Asitengewe chungu chake kama mgonjwa wa kuambukiza; apakuliwe mapema tu, kwenye chungu kile kile.

Ndimu ikamuliwe kwenye maji yake, kwa kuwa ina sitreti. Vidonge vikali vya vitamini C, vile ambavyo wengi walijizoesha wakati wa Covid, aviache asipoandikiwa, kwani vikizidi mwili huvigeuza kuwa oksaleti. Na bia? Nimesikia mara nyingi vijana wakisema Primus inasafisha figo. Inakupeleka chooni, hilo ni kweli, lakini ikizidi inaweza kukuacha mkavu kuliko ulivyokuwa. Hiyo si kusafisha, ni kukopa maji ya kesho.

Hesabu ya bidoni

Sasa turudi kwenye robine, maana huko ndiko kesi yenyewe iliko.

Mtu mwenye historia ya mawe anashauriwa atoe mkojo usiopungua lita mbili na nusu kwa siku. Kwa joto letu, hasa Juni hadi Agosti wakati jua na vumbi vinashindana, sehemu ya maji tunayokunywa hutoka kwa jasho, kwa hiyo anatakiwa anywe lita tatu hivi, na zaidi akifanya kazi ya jua. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo iliyokwisha kuchoka amuulize daktari wake kwanza. Ushahidi ni wa zamani: mwaka 1996 Waitalia waliwafuatilia watu 199 waliopata jiwe la kwanza. Walioambiwa wanywe maji mengi, baada ya miaka mitano jiwe liliwarudia kwa asilimia 12. Wasioambiwa, asilimia 27. Maji matupu, bila duka la dawa.

Lakini chukua nyumba ya watu wanane. Kila mtu mzima na kijana akinywa kiasi kinachokaribia hicho, bidoni moja ya lita 20 inakwisha kwa kunywa tu, kabla ya sufuria ya bugali kutiwa maji na kabla ya mtoto kuogeshwa. Bidoni moja nzima! Ndiyo ile ambayo katika mstari wa asubuhi haipo.

Na maji yakipungua, nani anaacha kunywa? Baba hanyimwi glasi. Watoto wanajichotea. Mama anasema "mimi bado". Muuza samaki anayeamka usiku kwenda ufukweni anajizuia kunywa tangu jana, kwa kuwa sokoni hakuna choo cha kumsitiri. Motari anayebeba abiria toka Kalundu hadi mpakani anakunywa mara mbili kwa siku, kwa sababu kusimama ni kupoteza mteja. Hawa hawajapasuliwa tumbo, lakini figo zao zinaishi maisha yale yale ya dada wa Kimanga. Yeye amewatangulia tu.

Kwake yeye kuna ugumu zaidi: hawezi kunywa lita nzima kwa pumzi moja, wala hashauriwi kunywa pamoja na chakula, asubiri kama nusu saa hivi. Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo, wakimaanisha tone si sawa na mkondo. Kwa tumbo la kifuu, naomba ruhusa niigeuze: ndo ndo ndo ndiyo chururu yake. Chupa ikae naye kuanzia alfajiri hadi usiku, mafunda mawili au matatu kila mara, na mkojo wake uwe mweupe kama maji ya ndimu. Ukiwa wa rangi ya chai, amechelewa.

Sitaki mtu aelewe kwamba nawatupia mama zetu mzigo. Maji anayoyagawa mama ni yale aliyopewa na mji. Tunakaa kwenye ukingo wa moja ya maziwa yenye maji mengi kuliko yote duniani, na bado tunapanga mstari. Mnamo Aprili 2020, mto Mulongwe huo huo tunaoutegemea kwa maji ya shirika la REGIDESO ulifurika, ukachukua watu na nyumba. Robine zikikauka, watu wanateremka ziwani na bidoni zao, na ziwa lina kipindupindu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kuhusu Uvira hii hii, ulionyesha kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, walioingia kituo cha kipindupindu kwa kushukiwa kuugua waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Hivyo tunalazimishwa kuchagua: unywe maji ya ziwa uharishe, au usinywe ujenge mawe. Huo ni uchaguzi gani?

Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa imehakikishwa. Neno ni hilo, maji ya kunywa. Wanaokuja kuomba kura waulizwe kuhusu neno hilo kabla ya kuulizwa kuhusu fulana. Lakini mimi ni mtu wa nyumba kwanza. Figo haisubiri uchaguzi.

Kamba nyekundu

Nyumbani kwa dada yule wa Kimanga, wifi yake ndiye aliyemaliza ubishi. Dada alipompa hatimaye ile siri, wifi hakulia wala hakuita wazee. Alirarua kipande cha kitenge chekundu, akakifunga kwenye mkono wa bidoni moja kati ya tano. "Hii ni ya kunywa," akawaambia watoto. "Inajazwa ya kwanza, inatiwa dawa, inafunikwa. Atakayechota humo kwa kufua atanieleza."

Dada ameshapanda ndege kurudi zake. Wiki iliyopita nilipita kwenye robine alfajiri, nikaziona bidoni za nyumba ile ndani ya mstari. Kamba nyekundu ilikuwa ingali pale, imefifia kwa jua, na bidoni yake ilikuwa imewekwa mbele ya nyingine nne. Nikamuuliza binti aliyekuwa anazilinda kwa nini bado wanaifunga, na shangazi amekwenda.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Kwani sisi hatunywi?"